Onyesho la Kwanza, Mabatini

Mwongozaji alitaka lile jiwe la kwenye kalenda,
jua linazama, wawili wameshikana mikono.
Nikamwambia: penzi halijaanza,
utalizamishaje jua lake?

Tukapanda Mabatini alfajiri, tripodi begani,
nyumba zimeng'ang'ania mawe
kama kupe mgongoni mwa ng'ombe.
Nikaanza mbali: ziwa lina rangi ya sufuria,
gugumaji limejazana gatini,
moshi wa vitumbua vya kwanza.
Kisha nikaishusha lenzi, taratibu,
hadi kwenye ngazi moja iliyochongwa mwambani,
nyembamba, isiyopisha watu wawili.

Hapo pana hadithi.
Limi anashuka na ndoo tupu,
Shigela anapanda na mtungi wa gesi.
Nani atarudi nyuma?

Sikuwasogelea.
Niliacha jabali lile nusu ya picha,
nikaacha kunguru, na ndala moja inayoteleza;
mtazamaji ainame mwenyewe kwenye kiti chake.

Mara ya sita ndipo ikakubali.
Limi akajibana ubavuni mwa jiwe,
akageuka,
na uso ukawaka.

Watakaoiona watasema: jua la Mwanza hilo!
Jua lilikuwa upande wa pili wa jabali, halijamfikia.
Ule mwanga ulipita kwanza kwa Masunga,
mume wa Limi,
aliyechuchumaa nje ya fremu, kushoto,
ameinua bati jipya la geji thelathini,
mikono inamtetemeka,
analigeuza kidogo, kidogo tena,
asimpoteze.