Hela Yenye Tundu

Dirisha namba mbili, Mtaa wa Msimbazi.
Kioo kina uwazi wa upana wa kiganja,
sauti hupita hapo kabla ya noti.

Mulenga, dereva wa lori kutoka Kitwe,
hasemi kwacha. Husema, "Nina za nyumbani,"
utadhani kabeba mihogo.
Kwao kwacha ni kupambazuka,
basi mimi nahesabu mapambazuko mia tatu
yaliyokunjwakunjwa, yanayonuka dizeli,
namsukumia zetu. Anacheka.
"Mama yangu hizi anaziita wanyama.
Nikirudi ananiuliza: umeniletea wanyama wangapi?"
Tembo watatu, simba wawili. Saini hapa.

Mama Kalonji wa Lubumbashi, mnunuzi wa vitenge,
hutoa dola kifuani, moja moja, kwa heshima.
"Ni za kichwa kikubwa," ananihakikishia.
Anajua zile za kichwa kidogo tunazipunguza bei,
utadhani ukubwa wa kichwa ndio akili.

Bwana Wei wa duka la zipu
alinifundisha kuwa kwao, mitaani, hawasemi yuani.
Wanasema neno lenye maana ya bonge.
Bonge tano, bonge kumi.
Siku nzima sikuona noti, niliona ugali.

Na vijana wa hapa nje, wabeba mizigo,
wanaitana: "Oya, una faranga?"
Bujumbura hawajafika, Kigali hawajafika.
Neno limevuka mpaka bila pasi,
limepanga chumba Kariakoo, limezaa.

Baba yangu alikuwa na dala mfukoni,
ile sarafu ya shilingi tano.
Dola yenyewe haikuwahi kulala kwetu
hata usiku mmoja,
ila jina lake lilinunua mafuta ya taa,
lilinunua chumvi,
lilinilipia daftari la mistari mipana.

Halafu alikuja Kapinga.
Bodaboda, helmeti kwapani, jasho mpaka masikioni.
Akafungua kitambaa juu ya kaunta:
kisarafu chenye tundu katikati,
cheusi, chenye taji na mwaka 1914.
"Bibi alikifunga kiunoni mwa baba
alipokuwa mtoto, kwa ajili ya degedege.
Baba tumemzika Jumanne.
Nibadilishie, dada."

Nikageuza. Nikasoma: *Heller*.
Nikatazama ubao nyuma yangu,
dola, pauni, yuro, randi, dirhamu,
taa nyekundu zikipepesa.
"Kaka, hii haina bei. Nchi iliyoitoa haipo tena hapa."
"Inaitwaje?"
"Hela."
"Hela hela?"
"Hela."
Akaniangalia kama mtu anayefanyiwa utani msibani.
"Sasa kila siku abiria ananiambia hana hela,
mke wangu anasema hela ya mboga,
mwenye nyumba anataka hela yake,
na hela yenyewe ndiyo hii, nimekuletea,
unasema haina bei?"

Sikuwa na jibu.
Nyuma yake foleni ilikohoa.
Mlinzi, Bwana Mchopa, alinyoosha shingo kuona.
Mimi nilikuwa nawaza pesa, ambayo ni ya Uhindi,
na shilingi, ambayo ni ya Mwingereza,
na rupia alizozitaja bibi yangu hadi anakufa.
Nikajaribu kutafuta moja
iliyozaliwa hapahapa kwetu.
Nikafikia msimbazi, noti nyekundu ya elfu kumi,
jina la mtaa huu, la mto ule wenye matope,
nikaona angalau huyu ni mtoto wa nyumbani.
Nikatoa mmoja kwenye pochi yangu, si kwenye droo.
"Rambirambi," nikasema.
Akapokea. Kisarafu hakukiacha.
Alikivisha kwenye pete ya ufunguo wa pikipiki,
tundu likapata kazi.

Saa kumi na mbili nafunga dirisha, nazima ubao.
Pale kona, muuza karanga anapokea noti yangu,
anaigeuza, anainua juu kwenye mwanga,
anakuna kichwa.
"Dada, huna hela ndogo?"