Visanduku Viwili

Kadi yangu ya mpigakura iko kwa Nderingo,
dukani kwake Kiboriloni, chini ya kioo,
kati ya betri za saa na rimoti zisizo na mwenyewe.
Kanipa siku tatu na visanduku viwili vya kukanyaga:
kimoja kipya, cheusi, vifundo sita, taa ya buluu;
kingine kimechubuka kona zote, vifundo vitatu,
cha kati kimepoteza kichwa, kimevikwa kizibo cha soda.
"Gitaa la besi bila hiki," kasema, "ni chai bila majani.
Chagua. Jumatatu nataka kimoja, na hela ya kingine."

Usiku wa kwanza, nyumbani, Majengo.
Aikaruwa amelala, mtoto kalalia mkono wake,
ukuta wetu na wa jirani ni mbao na magazeti.
Nikavaa hedifoni, nikachomeka kile kipya.
Kabla sijagusa uzi kikaanza: shhhhh,
mchele unapepetwa ndani ya fuvu langu.
Nikapunguza huku, kikavuma kule.
Nikachomeka kikuukuu.
Kimya.
Kimya cha mtu anayekungoja umalize sentensi.
Nikagusa uzi wa nne, mara moja tu,
sauti ikaja nene, ya moto, kama mtori wa asubuhi,
nikasikia hata ngozi ya kidole ikiachana na chuma.
Nikasema moyoni: basi, ndoa imefungwa.

Ijumaa ina mahakama yake.
Sendofu, ukumbi wa Njoro: kinanda, magitaa mawili, tarumbeta,
Elifuraha nyuma ya ngoma kama anapasua kuni,
shangazi zake binti wanaingia na ndafu, majani mdomoni mwa mbuzi.
Waya wangu ukaenda moja kwa moja kwenye mikseri.
Nikafungulia kikuukuu, besi yote, hadi kifundo kikagoma.
Sauti ikatoka, ikazunguka, ikaenda kukaa chini ya meza.
Glasi zilitetemeka; mimi sikusikika.
Uji. Uji uliofurika ukazima jiko lake.
Wimbo wa pili nikabadili, taa ya buluu ikawaka,
kila noti ikasimama na viatu vyake,
mpaka mpishi akatoa kichwa dirishani.

Hapo ndipo nilipopatikana.
Cha nyumbani hakiendi shereheni,
cha shereheni hakijui kulala,
na mfuko wangu una kauli moja tu.
Wahenga walishasema kuhusu mshika mawili;
hawakusema aachie lipi.

Mapumziko, nikamweleza Elifuraha.
Anatafuna firigisi, haniangalii.
"Wewe ukitaka kusikika unaongeza uzito.
Uzito tunao. Ngoma ninayo mimi,
na ukumbi wenyewe bati, unavuma kabla hujafika.
Punguza besi. Pandisha ya katikati."

Ya katikati ndiyo yenye kizibo cha soda.
Siku zote mbili sikukigusa. Nilikionea aibu.

Nikainama. Meno ya kizibo yakaniuma gumba.
Robo, nusu, na besi nikaitoa, nikaitoa,
kama mtu anayefuta maneno kwenye barua ya kuomba,
na besi ikaingia ukumbini kwa mlango wa mbele.
Shangazi mmoja aligeuka, mfupa mkononi,
kutazama nani huyo anayeongea.

Miaka kumi na moja napiga.
Miaka kumi na moja nadhani kunong'ona kwa nguvu ndiyo kazi.

Jumatatu Nderingo anaifuta taa ya buluu kwa pindo la shati.
"Kipya kimekushinda?"
"Kinaongea usingizini."
Hela imepungua elfu kumi na tano; kadi ikabaki chini ya kioo.
Akanitolea kifundo kizima kutoka kwenye droo, bure.
Nikamrudishia. Gumba limeshazoea.

Usiku, hedifoni, nyuzi nne.
Aikaruwa ananigusa goti gizani:
"Umeacha kupiga?"
"Napiga."
"Sisikii kitu."
"Ndiyo."
"Basi hicho ndicho," akasema, akageukia ukutani.