Njia ya Miguu, Tredwyn hadi Aldercombe

Inaanzia nyuma ya duka la mikate,
kati ya ukuta wa kanisa na mapipa ya taka,
mahali ambapo mgeni hudhani ni uchochoro wa paka.
Kibao ni cha mti, kimeoza tumbo;
zimebaki herufi tatu na mshale wa manjano
unaoelekeza mbinguni tangu dhoruba ya Februari.
Usiufuate. Pinda kushoto.

Maili saba kwa miguu.
Kwa gari ni kumi na moja, lakini sina gari,
na basi la Alhamisi lilifutwa kwa kalamu
na mtu wa halmashauri ambaye hajawahi kulipanda.
Nimepeleka barua pande hizi miaka ishirini na sita;
magoti yangu yanazijua ngazi zote za kuvukia ua,
ubao upi unateleza, upi una msumari.

Mfukoni nina mkasi wa kukatia miiba,
kipande cha jibini,
na ramani niliyoifunga kwa plastiki,
si kwa kuogopa kupotea.
Ramani ni ya kumwonyesha Beavan.

Kwanza lango la busu,
lizungukalo ndani ya nusu duara la chuma:
mtu hupita mmoja mmoja, kondoo hapiti.
Desturi ya huku, aliyetangulia haliachii
mpaka anayefuata alipe kwa shavu.
Emrys alikuwa akilipa kabla ya kudaiwa.
Leo nimelisukuma kwa nyonga,
likalia kwa kutu ile ile.

Halafu mteremko, na tope linaloshika buti
kama mkopeshaji aliyekuona sokoni.
Sufu imenasa kwenye seng'enge.
Mvua hainyeshi; imening'inia tu,
haijaamua.

Wasemao penye nia pana njia
hawajafika shamba la Tudor Beavan.
Mwaka huu amelima mpaka ukingoni.
Shayiri imenifika kifuani, kijani, haina mshono,
kana kwamba hapa hajawahi kupita mtu:
si wachunga ng'ombe wakienda mnadani,
si wasichana wa kiwanda cha glavu, viatu mkononi,
si mama yangu akimfuata mkunga usiku,
mimi tumboni, nimegeuka vibaya.

Nikautafuta mnara wa Aldercombe,
nikaulenga kwa jicho moja
kama atungaye uzi kwenye sindano,
nikaingia.
Sikuzunguka. Kuzunguka ni kukubali.

Alikuja na mbwa, uso umemwiva.
"Mererid, unanikanyagia shayiri."
"Tudor, unanilimia njia."
Mbwa akaja kunusa mfuko uliokuwa na biskuti zamani.
Ramani nikaifungua; hakuitazama.
Akauliza habari za goti.
Nikasema baya. Akasema lake pia.
Hakunipisha wala hakunizuia;
alisimama tu, kama mtu
aliyekutwa na mvua mbali na paa.

Aldercombe nilinunua uzi mweusi na balbu mbili,
nikanywa chai iliyochemka kupita kiasi
kwa Bi. Pritchard, aliyeniambia nimekonda.

Kurudi, jua lilikuwa limelalia shayiri
na mstari wangu ulionekana, mwembamba,
umepinda kidogo pale tulipobishana.
Nikaufuata.
Katikati, kwenye udongo mbichi, nyayo zangu za asubuhi,
na ndani ya nyayo zangu, nyingine:
buti la mtoto, urefu wa kiganja,
limeruka kutoka hatua yangu hadi hatua yangu,
na mara mbili limekosea, likaangukia kati.
Sijui ni wa nani. Beavan hana mjukuu.

Nilipofika ukingoni nilitoa mkasi
nikakata tawi la mchongoma lililokuwa usawa wa uso wangu.
Kisha nikainama, goti likinung'unika,
nikakata na lile la chini.