Hesabu za Igombe

Minza, umeniuliza tena kwenye simu,
na safari hii hukucheka:
nani alikuroga, kaka,
ukauza gari, ukahama Isamilo,
ukaenda kuziba pancha za baiskeli Igombe?

Sikurogwa.
Ilikuwa Jumanne, Mabatini, kule juu kwenye mawe.
Mimi nimeshika faili, dalali ameshika kamba,
na mama mmoja, Nyanzala, marejesho matatu nyuma,
akaomba dakika tano.
Nilidhani anakwenda kujificha.
Kumbe alikwenda kuifuta vumbi cherehani yake.
Akaitia mafuta, akakaza mkanda,
akaifunika kwa kitenge.
"Isije ikakwama," alisema, "huko iendako."

Mwezi ule nilipata bonasi.
Nikanunua televisheni, pana kama mlango,
na kila nilipoiwasha
nilisikia kanyagio.

Sasa sikia hesabu zangu, maana nilisomea hesabu.
Spoku, jero. Pancha, buku.
Siku ya mvua, sifuri.
Ugali wa muhogo, dagaa, mlenda;
sato mpaka aje mgeni,
na mgeni mwenyewe ni wewe, usiyekuja.

Usidhani nimekuwa mtakatifu.
Bafu la maji moto nalikumbuka hasa Julai,
upepo wa ziwa ukipenya chini ya bati.
Na Holo, aliposhushwa kwenye basi la njano la shule
akaanza kutembea na ufagio na kidumu cha maji,
hakunisemesha siku nne.
Siku ya tano akauliza kwa nini wale wadudu wa ziwani,
wanaopaa kama moshi wa mkaa, hawaumi.
Sikujua jibu.
Nikakumbuka kwamba mtoto huyu, miaka tisa,
alikuwa hajawahi kuniuliza kitu
jua likiwa bado linawaka.

Walionicheka kazini wana haki yao.
Mimi mkono wangu unafika hapa,
na hapa ndipo ninapojikuna.

Lakini ulitaka sababu, si methali.
Basi njoo Jumamosi uione,
iko kibandani, nyuma ya matairi.
Niliifuata mnadani kwa hela ya gari,
nikaipandisha Mabatini begani mwangu, jiwe kwa jiwe,
nikakuta chumba kina mpangaji mwingine.
Wengine wanasema Sengerema. Wengine hawasemi.

Kila Jumapili naitia mafuta,
isije ikakwama.