Chumba 614

Kadi juu ya mto inanikaribisha kwa jina langu,
Bwana Mukwana. Ile h imeanguka njiani,
pengine kwenye lifti, ambamo farasi wa mabati
anakukodolea macho hadi ghorofa ya sita.

Hoteli hii kila chumba na picha yake.
Wa 613 ana twiga wa buluu, nilimchungulia mlango ulipokuwa wazi.
Mimi nimepewa mama wa Marikiti
na gunia la viazi, na mizani.

Na kazi yangu ndiyo hiyo, mizani.
Nimetoka Bungoma na sampuli mbili sandukuni.
Kesho saa tatu, Upper Hill, mbele ya kamati ya zabuni,
nitaweka jiwe la kilo moja kitangani
niwaambie: tazameni, haidanganyi hata kwa punje ya wimbi.

Kwa hiyo nililiona mapema, kabla ya kuvua viatu:
kitanga kimejaa viazi hadi vinataka kumwagika,
na mshale uko kwenye sufuri.

Nikaipinda taa ya kusomea, nikammulika.
Rangi ni nene, viazi waweza kuvimenya;
vina macho, na macho yana udongo.
Lakini mshale umechorwa kwa unywele mmoja wa brashi,
wima, mwembamba, bila wasiwasi.
Hilo si kosa la mkono uliochoka.

Nilijaribu hotuba yangu mbele ya kioo.
Mama alikuwa nyuma yangu, ndani ya kioo hichohicho,
ananisikiliza
kama mteja aliyekwisha kupunjwa.

Asubuhi Kemunto alileta taulo.
Nikamwuliza. Aliinyoosha fremu kwa kidole kimoja,
kila siku huinyoosha, alisema,
hulala upande wa viazi.
"Wageni huuliza bei.
Wewe wa kwanza kuuliza uzito."

Risiti: usiku mmoja, maji chupa mbili,
shati kupigwa pasi, kodi.
Nikaisoma tena hadi chini. Mama hayumo.

Upper Hill, jiwe likatua kitangani.
Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukasimama
kwenye moja, barabara.
Wakaandika. Mwenyekiti akapiga mwayo,
akauliza kama tunatoa na dhamana.

Miaka miwili, nilisema,
huku kichwani ninahesabu viazi.