Makumbusho ya Daktari Etcheverry, Paysandú

Ofelia anakata tiketi, kisha anavaa glavu
nyeupe za babake, aliyeng'oa meno ya mji mzima
akanunua magari arobaini na moja.
"Shuleni sisi tulikwenda kwa miguu," asema,
bila kinyongo, au nacho kikiwa kimeng'arishwa.

Kromu inanirudishia uso wangu, mpana kama sinia.
Hudson, Packard, Lancia: injini kavu,
magurudumu juu ya jeki
yasije yakasahau uduara.

Chini ya kimoja tu, kigari chenye kutu, kisicho na kibao,
pametandikwa gazeti la leo.
Tone.
Kisha tone.
Ofelia anachutama, anabadilisha gazeti
kama anayembadilisha mtoto nepi.

"Cha mama hiki, cha kuuzia mikate.
Ndicho kinachowaka."