Tundu Mbili, Tundu Tatu

Akeyo fundi, umenitandazia juu ya turubai
pedali jozi nne, kama zinavyopangwa dagaa:
nyeusi hii, nyekundu ile, hii ya chuma kitupu,
na ya mwisho imekwaruzwa na mtu nisiyemjua
katika nchi ambayo barabara hazina matuta.
Kibuye, Jumapili, saa tatu. Unaniuliza,
"Unataka tundu mbili au tundu tatu?"
Kana kwamba nimekuja kununua filimbi.

Mimi Shitsama, miaka kumi na mmoja
nilibeba watu kutoka stendi hadi Nyalenda
na mguu wangu haukufungwa na chochote.
Breki ilipokufa, breki ilikuwa kisigino:
akala juu ya lami, moshi,
abiria akitaja majina yote ya Mungu.
Leo unaniambia mguu ufungwe ndipo uwe huru.
Neno hilo nimelisikia kwa mhubiri,
kwa mwenye nyumba,
na kwa afisa wa mkopo.

Unanivua kiatu. Kidole chako kinatafuta
ule mfupa unaotokeza chini ya kidole gumba,
unautia alama ya kalamu juu ya soksi.
"Kishikizo kikae hapa, au nyuma yake kidogo.
Kikitangulia, utalia kwa ndama za miguu."
Kisha unataja nyuzi. Cha njano kina nyuzi sita.
Nadhani ni uzi wa kushonea; unacheka.
Ni nafasi ya kisigino kucheza,
kama mlango ambao komeo lake limelegea.
Chekundu hakichezi hata kidogo,
kinataka goti la mtu aliyezaliwa amenyooka.

Mimi nilizaliwa Khwisero, nikapindwa na magunia.
Goti la kulia latazama Busia,
la kushoto latazama Nandi.
Chekundu nakirudisha taratibu
kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

Nachukua cha njano, cha tundu tatu,
kwa sababu ni kipana, na kwa sababu ya majivuno.

Jumanne, Kondele. Lori la miwa limesimama,
nami nasimama. Kichwa kinasema pinda nje;
mguu unakumbuka akala, unavuta juu.
Nikalala polepole, mwendo sufuri,
kama mgomba uliokatwa, mbele ya wauza ndizi.
Mama mmoja akaja, akainama:
"Pole baba. Nani amekufunga?"
"Ni mimi mwenyewe, mama. Nimelipa."

Basi nimerudi, Akeyo. Usicheke kabla sijamaliza.
Si kuanguka kulikonirudisha.
Ni kile kijia cha kwetu baada ya mvua,
hatua mia tatu baiskeli ikiwa begani,
na mamangu mlangoni akinitazama
nikitembea kwa visigino kama bata kwenye vigae.
Alisema, "Mwanangu, miguu inauma?"
nikakosa jibu la kumpa mtu wa miaka themanini.
Nipe tundu mbili. Kile kidogo cha chuma
kinachojificha ndani ya soli,
ili nikishuka niwe mtu anayetembea.
Kiwe kizito, sawa. Nimebeba vizito kuliko hicho.

Unakaza skrubu, unalegeza, unakaza tena,
unapaka grisi kwa ncha ya njiti ya kiberiti.
Nashika ukuta wa kibanda, nakanyaga: *kla*,
sauti ya sanduku la mama la nguo za kanisani.
Napinda kisigino nje: *kla*. Mara ishirini
mpaka mguu usahau kuogopa.

Ukivuka Kisian barabara inainuka.
Naligundua jambo ambalo hukuniambia:
mguu unaoshuka unafanya kazi,
na unaopanda, nao sasa unafanya.
Miaka kumi na mmoja nusu ya mzunguko nilikuwa naipoteza.
Ziwa limebaki nyuma, jasho limeingia jichoni,
Maseno bado ni mbali, baiskeli ni nyepesi mno,
na bila kutaka nageuza shingo kuuliza,
"Umekaa vizuri?"